Kamba ya Marehemu Strayhorn

Jumanne hiyo dada yangu Maren alikuja kwangu mchana. Alikula maharage ya nyama na mkate wa mdalasini, kama tulivyolelewa, kisha akasukuma sahani.

"Kaka, nitaacha kazi au nitamnyonga mtu."

Maren alitunza nyaraka kwenye makavazi ya mji wetu, hapa Wyoming. Mwaka huo walikuwa wamepokea makaratasi ya marehemu Emmett Strayhorn, aliyeandika riwaya za wachunga ng'ombe na kufuga farasi mpaka alipokufa. Makasha yake yaliwekwa ghorofa ya chini, kwenye chumba cha wavu wa chuma chenye komeo bovu. Maren aliomba litengenezwe mpaka akachoka. Mkuu wake, Bwana Pelkey, hakujali. Kwa hasira Maren akatoa kamba kwenye kasha mojawapo, nyeusi, iliyosokotwa kwa singa za farasi, akafungia mlango.

"Nakaza mafundo mawili," aliniambia. "Asubuhi nakuta fundo jingine kabisa. Pelkey anasema namchezea. Akilikuta tena ananifukuza. Watoto wangu watakula nini?"

"Fundo gani?"

Akanionyesha kwa kitambaa cha mezani. Nilianza kucheka, nikaacha. Mimi kazi yangu ni kuwapigilia farasi viatu, na fundo hilo nalifunga kila siku. Farasi akilivuta, linakaza. Mtu akivuta ncha, linaachia lote mara moja. Zizi la Strayhorn liliwahi kuungua, na farasi wake wakafia humo kwa sababu kibarua aliwafunga kwa mafundo magumu. Tangu hapo, aliyefunga vingine kwake alifukuzwa siku hiyohiyo. Hapa kwetu nani hajui hilo?

"Rudisha kamba ya watu, Maren."

"Pelkey kaikatalia. Eti ni ushahidi."

Kesho yake fundo lilikuwa limebadilika tena. Pelkey akawaka.

"Haya, ingia ndani upange makaratasi yako. Leo nafunga mwenyewe. Tuone atafungua nani!"

Akakaza mafundo matatu kwa nje, Maren akiwa ndani, akaenda kula.

Haukupita muda, tanuri la kupashia jengo joto likaanza kutoa moshi. Maren akapiga kelele. Hakuna aliyejibu. Akapenyeza vidole kwenye wavu. Mafundo hayakusogea. Kucha zikakatika. Moshi ukamjaa kifuani. Akasikia harufu ya jasho la farasi. Pumzi ya joto ikamgusa shingoni.

"Taratibu, mama," sauti ya mzee ikanong'ona. "Taratibu."

Ncha ya kamba ikawekwa kiganjani mwake. Akavuta. Mlango ukafunguka.

Unadhani Pelkey aliomba radhi? Alimfuata nje, Maren akiwa bado anakohoa. "Kumbe siku zote ni wewe! Umefungua mwenyewe!" Akamfukuza kazi mbele ya wazima moto. Nilitamani kumkunja shati.

Sasa Maren na watoto wanakaa kwangu. Watu wanatuambia tushukuru, mzee alimwokoa. Nimechoka kusikia habari za kushukuru. Kila asubuhi namkuta Maren amefungwa mkono kwa mkanda wa gauni lake la kulalia, ncha nyingine kwenye nguzo ya kitanda. Fundo ni lilelile. Chumba nakifunga mimi, na ufunguo nalala nao. Tumetupa mkanda, ikaja kamba ya viatu. Tumebadilisha chumba. Tumemwita mchungaji. Navuta ncha, linaachia, kesho limerudi. Farasi hufungwa hivyo na mtu anayekusudia kurudi kumchukua. Alimwokoa, sawa. Mbona hamwachii?

Leo nimefungua mlango nikakuta ndoo yangu ya zizini kando ya kitanda. Ilikuwa na maji, yamebaki nusu. Pembeni kuna fungu la nyasi kavu, limepangwa vizuri.

Maren alikuwa bado amelala. Kidevu chake kilikuwa kimelowa.