Cheti Alichonyimwa na Mpenzi

Baba wa babu yangu alikuwa mlinzi wa daraja. Mto ulipofura, yeye ndiye aliyewazuia watu wasivuke, akatukanwa siku ile na kushukuriwa kesho yake. Babu yangu alikuwa mwashi ambaye kuta zake hazikupata kuinama. Baba yangu alifundisha hesabu, wala hakumpa mtoto yeyote alama asiyoistahili, hata mtoto huyo nikiwa mimi. Hatukuwahi kuitwa matajiri. Tuliitwa watu wa kutegemewa. Nayasema haya ili ijulikane mjukuu wangu, ambaye habari zake nazisimulia, amechipuka katika shina gani.

Kijana huyo ana kimo cha mlango na mabega ya kubebea magunia, na kubeba magunia ndiyo iliyokuwa kazi yake katika soko kuu. Wenzake walimpa jina la Winchi, kama ile mashine ya kuinulia mizigo. Nyumba ikiungua au mtaro ukimeza mtu, Winchi alikuwa wa kwanza kufika, mikono mitupu, bila malipo na bila mafunzo.

Asubuhi moja moshi ulitanda sokoni. Watu walitoka mbio. Winchi akaingia mbio. Katikati ya moshi akamwona mwanamke amepiga goti, amevaa suruali ya buluu iliyonyooshwa kwa pasi na kizibao cha rangi ya chungwa, nywele zake zimesukwa na kubanwa kisogoni. Hakuuliza. Alimtupa begani, akatoka naye nje.

"Niweke chini!"

"Tulia, dada. Umeshaokoka."

"Nimeokoka na nini? Hili ni zoezi! Moshi ni wa mtungi, na mwenye zoezi ni mimi!"

Soko zima likaangua kicheko. Winchi akamshusha polepole, kama mtu anayerudisha sahani ya chakula asichoagiza.

"Samahani, mwalimu."

"Mkufunzi," akasema yule dada, akijipangusa vumbi. "Na wewe ni nani, unayebeba watu bila hodi?"

"Wananiita Winchi."

"Naona. Winchi isiyo na dereva."

"Basi kaa wewe kwenye usukani."

Alijitahidi asicheke, akashindwa.

Wakati ule serikali ilikuwa imeamua kwamba kuwakinga raia na maafa kusiendelee kutegemea ujasiri na bahati. Waliokuwa wakijitolea wangefundishwa na kupimwa, na waliofaulu wangepewa cheti na kuajiriwa kwa mshahara na bima. Winchi akajiandikisha. Mchana alikuwa mwanafunzi wa yule Mkufunzi; haukupita mwezi wakawa wapenzi, na jioni simu yake haikupoa.

"Umekula, Winchi wangu?"

"Nimeshiba, ila macho yana njaa."

"Yalishe ile sura ya nguzo na mihimili. Kesho nauliza."

"Kumbe hata mapenzi yana majaribio?"

"Ya kwangu yanayo."

Siku ya mtihani Mkufunzi alimwendea mkuu wa kikosi cha uokoaji akamwambia waziwazi kwamba mmoja wa watahiniwa ni mpenzi wake, kwa hiyo apimwe na mtu mwingine. Mkuu akajibu kwamba hana mwingine, tena anamwamini. Sanamu ya mtu ilifukiwa chini ya kifusi cha mazoezi. Kanuni ilikuwa moja: filimbi ikilia, kila mmoja huweka chini alichoshika na kunyamaza, ili sauti ya aliyefukiwa isikike. Filimbi ikalia, wote wakanyamaza isipokuwa Winchi, ambaye koleo lake liliendelea kukwaruza zege. Ikalia tena. Akazidi kuchimba.

Mkufunzi akamwandika kuwa ameshindwa, akamnyima cheti.

"Umeniangusha mbele ya watu," Winchi alimwambia langoni.

"Umeanguka mwenyewe, mpenzi. Nilipuliza mara mbili."

"Mtu yuko chini, mimi nisimame kama mlingoti? Tangu lini mtu akaokolewa kwa kunyamaza?"

"Tangu alipoanza kusikilizwa."

"Sema tu ukweli. Unaona haya kuolewa na mbeba magunia."

Machozi yakamlenga yule dada, lakini Winchi alikuwa ameshageuza mgongo.

Kesho yake simu ya Winchi ililia chini ya mto wa kitanda chake siku nzima. Mwishowe nikaipokea mimi.

"Shikamoo, babu. Yupo?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Yupo. Amejifunika shuka gubigubi na miguu iko nje, anadhani haonekani."

"Mwambie nampenda, na alama zake sizibadilishi."

"Yote mawili nitamwambia. La pili nitalirudia."

Haukupita muda, ghorofa lililokuwa likijengwa karibu na soko likaporomoka adhuhuri. Fundi mmoja hakuonekana. Winchi na wabeba magunia wenzake walitangulia kufika, wakachimba upande wa mbele kwa nguvu zote. Kikosi kikawasili na mbao za kuegemezea kuta na machela. Mkufunzi akapuliza filimbi, hakuna aliyejali. Makoleo yalilia, umati ukapiga mayowe, mke wa fundi akamwita mumewe.

Winchi aliinua koleo, likabaki juu. Filimbi hata yeye aliisikia kwa mbali, na walioizima kwa kelele ni yeye na wenzake. Akalitupa, akapanda juu ya lundo la mchanga.

"Makoleo chini!"

"Leo Winchi kaogopa!" mmoja akamzomea.

"Ndiyo, naogopa! Naogopa anatuita, na sisi tunampigia kelele. Mama, nawe nakuomba, nyamaza kidogo tu."

Mkufunzi kwao alikuwa mgeni, Winchi alikuwa mwenzao. Wakanyamaza. Mke wa fundi akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Ngo. Ngo. Ngo.

Sauti haikutoka mbele, walikomwagia jasho. Ilitoka nyuma, chini ya ngazi. Mkufunzi akapima nyufa, akaelekeza mbao zisimamishwe wapi. Winchi akazibeba moja moja, asiongeze hatua kabla ya kuambiwa. Jua likiwa bado juu, fundi akatolewa akiwa mweupe kwa vumbi. Aliomba maji, kisha akauliza, "Nani alikuwa anapiga makelele yale? Nimegonga mpaka mkono umekufa ganzi!"

Winchi akatazama chini.

"Tungeendelea kule mbele, angetufia huku nyuma," alimwambia Mkufunzi walipobaki wawili.

"Ndiyo."

"Nami nikadhani unanionea haya."

"Ningekuonea haya, ningemwambia babu yako kwamba nakupenda?"

"Nisamehe, mpenzi. Na unikubalie tuoane."

"Rudia mtihani."

"Nikianguka tena?"

Akampangusa vumbi usoni kwa kidole gumba. "Nitaolewa nawe hata ukianguka mara kumi. Ila kifusini hutaingia."

Alirudia mbele ya mtahini mwingine, akafaulu, akaajiriwa. Posa niliipeleka mwenyewe, na sikuwahi kutembea kifua mbele kama siku ile.

Nanyi vijana mnaosoma haya, nisikilizeni. Jifunzeni kazi kabla ya kuidai, wala msimwite adui anayewanyima msichokistahili. Mkimpata wa namna hiyo, muoeni, au mwolewe naye. Sibembelezi. Naagiza.