Utepe Niliouchukua kwa Mjomba

Kila nikitoka shule nilimpitia mjomba kwa dobi anakofanya kazi, turudi nyumbani pamoja. Mjomba ni mtu mzima mwenye ulemavu wa akili. Kusoma hajui, lakini kwa kukunja mashuka hana mpinzani. Shuka lenye uzi mwekundu pembeni aliliweka kwenye kikapu chenye utepe mwekundu, la njano kwenye njano, la kijani kwenye kijani. Kila rangi ilikuwa na hoteli yake.

Siku moja nilitamani utepe wa kufungia nywele. Mjomba alipokwenda kunawa, nikaufungua ule mwekundu wa kikapuni na kuutia mfukoni.

Kesho yake mashuka yote ya uzi mwekundu yalibaki chini, na gari la kupeleka mashuka hotelini likaondoka bila hayo. Wageni wa hoteli moja wakakuta vitanda vitupu. Bosi wake, mama mwenye maneno makali, akamfukuza kazi.

Siku tatu mjomba aliamka alfajiri, akavaa sare, akaketi kitandani.

"Dada, naenda sasa?" alimuuliza mama.

"Bado, mdogo wangu. Kula kwanza."

Hakula. Mtu aliyezoea kumaliza sahani yake na kuikodolea macho sahani yangu! Nilimwona anakonda kwa sababu yangu, na roho ikanisuta. Lakini niliogopa kusema.

Siku ya nne uzalendo ukanishinda. Nikaenda kwa bosi.

"Shikamoo, mama. Utepe niliuchukua mimi."

"Marahaba. Utepe gani tena?"

Nikamweleza yote. Nilitegemea kufokewa, lakini alivuta kiti akaketi.

"Aliniambia," alisema. "Asubuhi ile alinifuata mara tatu: 'Nyekundu haina kwao.' Nikamwambia asinipotezee muda."

Jioni ile alikuja nyumbani akasimama mbele ya mjomba.

"Kaka, ulisema kweli nami sikukusikiliza. Nisamehe. Kesho urudi kazini."

Mjomba alimtazama, kisha akaanza kuvaa viatu.

"Kesho, mdogo wangu, si leo!" Mama akacheka huku machozi yakimtoka.

Bosi akanigeukia. "Wewe ulichukua bila kuomba, ukanyamaza. Mimi nilimhukumu bila kumsikiliza. Anayefikiri polepole hajakosa la kusema, mwanangu. Sisi ndio tuliokosa subira."

Mjomba alikuwa ameshafunga kiatu kimoja. Akaomba chakula.