Bunda Lisilo Lake

Kila asubuhi Chiriku aliamka kabla ya mama yake. Alifagia sebule, ambayo pia ndiyo ilikuwa chumba cha kushonea, akaokota pini na vipande vya uzi chini ya cherehani, kisha akabandika chai. Karibu mwaka ulikuwa umepita tangu Bibi afariki, lakini mkono wa Chiriku ulikuwa bado haujazoea. Ulipima maji ya watu watatu. Mama aliiona chai inayobaki, akaimimina kwenye chupa, akaketi kushona.

Chiriku lilikuwa jina la utani alilopewa na Bibi, kwa sababu alianza kusema mapema na baada ya hapo hakunyamaza. Siku hizi hakuwa msemaji sana.

Mtaa mzima ulimjua Bibi. Tangu ujana wake alikuwa mtu wa kudai haki za wengine: wafagiaji waliocheleweshewa mishahara, akina mama wa sokoni waliokosa choo, watoto wenye magongo walioshindwa kupanda ngazi za shule. Hakupiga kelele. Aliingia katika ofisi inayohusika, akaambiwa asubiri, naye akasubiri. Alitoa uzi na sindano zake, akaanza kufuma sweta. Kesho yake alirudi na kuendelea pale alipoishia. Makarani walilitazama sweta likirefuka, wakajua wamemchelewesha kiasi gani.

"Mkubwa, limeshafika kwapani," karani mmoja alimwambia bosi wake. "Tumjibu kabla hajaanza mikono."

Kila sweta lilibaki na jina la shauri lake. Lile alilovaa Chiriku shuleni liliitwa sweta la ngazi. Mikono yake ilikuwa mirefu kupita kiasi, kwa kuwa jibu la ngazi lilikawia sana.

Bibi aligombea pia udiwani, uchaguzi hadi uchaguzi, kupitia chama kidogo ambacho watu walikiita chama cha tatu, maana viwili vikubwa vilikuwa vimegawana kila kitu. Mwenyewe alitania kwamba mkutano mkuu wa chama chake ungeweza kufanyika kwenye benchi moja, na nafasi ya kuweka vikapu ikabaki. Hakushinda hata mara moja.

Siku moja mwalimu wa darasa alitangaza kwamba siku ya wazazi kila mwanafunzi atasimulia habari za mtu wa mtaani aliyefariki na anayefaa kukumbukwa. Chiriku hakuhitaji kufikiri.

"Nitamsimulia Bibi yangu," alisema.

"Yule wa chama cha benchi?" aliuliza mvulana waliyemwita Kipara. "Yule alishindwa mara nyingi kuliko timu yetu ya mpira!"

Darasa likaangua kicheko. Hata mwalimu alificha tabasamu. Chiriku alihisi masikio yakiwaka moto.

"Alishinda!" alisema kwa sauti. "Ule uchaguzi wake wa mwisho alishinda, wakamwibia kura. Diwani alimwibia!"

Kicheko kilikatika. Wote waligeuka kumtazama Mrefu, rafiki yake Chiriku aliyeketi naye benchi moja. Diwani aliyesemwa, ambaye sasa alikuwa amestaafu, alikuwa babu yake.

Mrefu alisogea hadi ukingoni mwa benchi, akainamia kitabu chake.

Chiriku alijua hakuwa na ushahidi wowote. Maneno yalimtoka kwa uchungu tu. Lakini wakati wa mapumziko Kipara alikuwa ameshampa Mrefu jina jipya, Mjukuu wa Mwizi, na jioni maneno yalikuwa yamefika sokoni. Mwalimu alimwambia Chiriku kwamba habari ile ingewasisimua wazazi. Wasichana walimwonea huruma. Kwa mara ya kwanza watu walimtaja Bibi bila kucheka, na Chiriku alilipenda jambo hilo. Ila sasa alirudi nyumbani peke yake, kwa sababu Mrefu alipita njia nyingine.

Siku chache baadaye, Chiriku akiwa anakunja nguo za wateja, sauti ilisikika mlangoni.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, mzee," Mama alijibu, akisimamisha cherehani. Alikuwa diwani mstaafu, na kofia yake mkononi.

"Shikamoo, babu," Chiriku alisema huku akitazama sakafu.

"Marahaba, mjukuu wangu." Mzee aliketi taratibu. "Nimesikia kwamba mimi ni mwizi. Nimekuja kuuliza niliiba nini, maana kwa uzee huu naweza kuwa nimesahau."

Mama alimtazama mzee, kisha akamtazama binti yake. "Chiriku?"

Chiriku alieleza yote. Alieleza pole pole, machozi yakimdondokea juu ya nguo za watu, mpaka Mama akamwondolea nguo mikononi. Mzee hakumkatiza.

"Kura ziliingia mahali pasipo pake siku hiyo, hilo ni kweli," alisema mwishowe. "Lakini ilikuwa kinyume cha ulivyosema. Zilipangwa juu ya meza ndefu, pale pale shuleni kwenu, za kila mgombea upande wake, zikafungwa mabunda kwa mpira. Karani alikuwa amechoka. Akachukua bunda langu, akaliweka upande wa bibi yako. Wakala wangu alikuwa ametoka kunywa maji. Nilikuja kusikia baadaye kwamba wakala wa bibi yako aliona, akatazama juu darini kama mtu anayetafuta buibui."

Mama alicheka kidogo, kisha akaziba mdomo.

"Wakahesabu. Bibi yako akawa mbele yangu. Watu wake walianza kukumbatiana, na mimi nilikuwa nimeshashika kofia yangu niende nyumbani. Ndipo akanyanyua mkono. Akasema, 'Msimamizi, lile bunda la pembeni si langu. Lifungueni.' Wakalifungua. Zote zilikuwa zangu."

"Mbona hakutuambia?" Mama aliuliza.

"Hakumwambia mtu, nasi tuliokuwepo tulinyamaza kwa aibu. Na wakala wake alimnunia, hata salamu hakumpa."

"Kwa nini hakunyamaza tu?" Chiriku alinong'ona. "Angeshinda."

"Nilimuuliza hivyo hivyo tulipotoka nje. Akanijibu, 'Kesho nitaingia ofisi za watu kudai haki kwa uso gani?' Na kweli, nilipoapishwa tu, nikamkuta kwenye kiti cha wageni ofisini kwangu, anafuma. Mimi nilipata udiwani, mwanangu, lakini raha sikupata."

Alisimama, akavaa kofia. Mlangoni aligeuka.

"Sikuja kukuambia useme nini. Mrefu hali chakula vizuri, basi. Hilo ndilo lililonileta."

Alipoondoka, Mama alirudi kwenye cherehani lakini hakushona.

"Mama, nikisema ukweli, Bibi atakuwa hajashinda hata mara moja."

"Hakushinda, mwanangu."

"Watamcheka tena."

"Walimcheka akiwa hai, naye akicheka pamoja nao. Shauri ni lako. Wewe ndiye utakayesimama pale mbele."

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Chiriku alipoitwa, alikwenda mbele. Alimtafuta Mrefu kwa macho, akamwona ameketi karibu na babu yake safu ya nyuma.

"Kabla sijamsimulia Bibi," alisema, "nilisema darasani kwamba diwani alimwibia kura. Niliutunga uongo ule. Babu, nisamehe. Na wewe Mrefu, nisamehe. Wewe si mjukuu wa mwizi."

Mwalimu, aliyekuwa amesubiri habari nyingine kabisa, alivua miwani yake. Chiriku akasimulia habari za bunda: karani aliyechoka, wakala aliyetazama darini, na Bibi aliyenyanyua mkono.

"Kwa hiyo alishindwa tena?" Kipara aliuliza kwa sauti, kisha akajiziba mdomo.

"Ndiyo," Chiriku alijibu. "Alishindwa tena."

Watu walicheka, lakini kicheko hiki hakikumchoma. Mwanamke mmoja muuza mboga alisimama katikati ya ukumbi.

"Alishindwa, lakini choo cha soko tunacho!"

"Na mishahara inatoka kwa wakati!" mfagiaji mmoja aliitikia.

"Mimi nilimfungia mlango," alisema mzee mmoja, karani wa zamani. "Akafumia dirishani." Watu wakacheka tena, na wengine walifuta macho.

Chiriku aliporudi kuketi, Mrefu alikuwa amehamia benchi la wanafunzi. Alisogea tu kidogo, akamwachia nafasi.

Jioni Chiriku na Mama walirudi nyumbani kwa miguu, polepole.

"Nilifikiri nikisema alishinda, ataacha kunitoka," Chiriku alisema. "Kila siku naona kama ananipungua. Nikamwongezea ushindi."

Mama alimshika mkono. "Nakuelewa. Hata mimi natamani awe yeye kila nikisikia hodi. Lakini ukimpamba mtu kwa uongo, unamkosa mara mbili. Kwanza ameondoka, halafu anayebaki kichwani mwako si yeye, ni mtu mwingine uliyemtengeneza. Na safari hii uongo wako ulimuumiza mtu aliye hai ili kumfurahisha aliyekufa, ambaye wala asingefurahi. Mkumbuke kama alivyokuwa. Jinsi alivyokuwa inatosha."

Kisha Chiriku akauliza, "Mama, alikuwa mkali?"

"Nani, Bibi yako? Alikuwa moto!"

"Nisimulie, basi. Anza na siku aliyokuwa mkali kabisa."

Mama alicheka, akavuta pumzi, akaanza.