Mashine Iliyosubiri Kilio

Mwanamke alipiga simu akipiga mayowe. Hakutaja jina wala mtaa. "Mume wangu! Jamani, mume wangu!" Kabla hajavuta pumzi ya pili, Msikivu alikwisha kuelewa. Kwenye ukuta wa kioo wa Kituo cha Mwito, jijini Dodoma, nukta moja iligeuka nyekundu, na juu ya paa kipaa kikanyanyuka. Kipaa ni chombo cha kuruka kisicho na rubani. Ndani kina kitanda kimoja, hewa ya kupumulia, na mikono miwili ya roboti inayojua kufunga jeraha na kushtua moyo uliosimama. Kilimkuta yule mume chini ya nguzo ya umeme wa jua, mapigo yakiwa bado yapo, na wiki iliyofuata alikuwa nyumbani kwake akilalamika kuwa chai haina sukari.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Msikivu, na aliifanya mchana na usiku bila kupiga miayo. Alikuwa akili mnemba ya kupokea simu za dharura. Jiji lilikuwa limefura, watu mamilioni, na vipaa havikutosha. Lazima mtu aamue nani aende kwanza, nani asubiri. Wapokea simu wa zamani walikuwa wanachoka, wanasinzia, na wengine walikuwa na shemeji na mabinamu. Msikivu hakuwa na shemeji. Hakusikiliza maneno sana, kwa kuwa maneno mtu huweza kuyatunga. Alisikiliza sauti yenyewe, inavyotetemeka, inavyokatika, inavyopanda. Kisha alitoa rangi. Nyekundu, kipaa kiruke sasa hivi. Njano, kifuate. Kijani, huyu ametulia, anaweza kungoja.

Walioibuni mashine hiyo walikuwa wawili: Mhandisi Sechelela Mwaluko, binti wa wakulima wa zabibu wa Hombolo, na mwenzake Kulwa Ngassa, mtu wa maneno mengi na kahawa nyingi.

Akili mnemba hujifunza kama mtoto, kwa kuonyeshwa mifano. Ili ijue sauti ya mtu aliyebanwa na shida, ilibidi isikilizishwe sauti za watu waliobanwa na shida. Lakini sheria ilikataza kugusa sauti za wagonjwa, na ilikuwa sheria nzuri. Basi Kulwa akaja na wazo.

"Filamu," alisema. "Tamthilia, hadithi za kusikiliza, vyote. Huko watu wanateseka kuanzia asubuhi mpaka jioni, na hakuna atakayetushitaki."

Na kweli, huko mateso yalikuwa ya bure na ya kumwaga. Tuseme ukweli, katika filamu hakuna anayepokea habari mbaya akiwa ameshika kitu kisichovunjika. Lazima iwe glasi. Mke akiambiwa mumewe amepata ajali, huanguka magoti, hujishika kichwa, hupiga ukwenzi unaosikika mtaa wa pili, na nywele zake hazivurugiki. Mwanaume akibanwa hupiga ukuta ngumi. Hakuna anayesema "samahani, nawasumbua." Hakuna anayekumbuka kuzima jiko. Msikivu alilishwa maelfu ya saa za vilio hivyo.

Zilikuwepo pia sauti chache za kweli, zilizotolewa kwa hiari na familia. Waliwapa vijana wa kazi ya muda wazisikilize na kuzipa alama. Mojawapo ilikuwa ya baba aliyekuwa akieleza kwa utaratibu jinsi ya kufika kwake: mkipita kanisa, kateni kushoto, mtaona geti la buluu. Mwanawe alikuwa amemfia mikononi wakati anaeleza. Vijana wote waliandika kwamba msemaji hana shida. Sechelela aliisikiliza mwenyewe, naye akaona ina ubaridi kidogo, haifundishi kitu. Wakaitupa.

Mashine ilipoanza kazi, jiji halikuchelewa kuielewa. Mjini shule. Watu waliambizana sokoni na kwenye ngazi za maghorofa kwamba ukimpigia Msikivu, lia. Mwenye jino bovu alilia kama amefiwa akapata nyekundu. Kulwa alipomsimulia Sechelela habari za huyo wa jino, walicheka mpaka wakashikilia meza. Waliona ni kasoro ndogo, itarekebishwa mwakani.

Mama yake Sechelela, Bi Perisi, alikuwa na maoni yake kuhusu filamu. Binti alipokuwa mdogo walikuwa wakizitazama pamoja, na mama alikuwa hamwachi mtu alie kwa amani. "Huyu naye, analia kamasi ziko wapi?" alikuwa akisema. "Mtu kafiwa na wanja haujachuruzika!" Sechelela alikuwa akikasirika, akisema mama anaharibu hadithi.

Siku hiyo Sechelela alikuwa anawatembeza wageni kituoni. Simu yake ikaita. Alikuwa Lameki, jirani wa nyumbani kwao Hombolo, mwenye bajaji.

"Dada Seche, salama?"

"Salama, Lameki. Za huko?"

"Za huku nzuri tu. Na kazi?"

"Kazi njema. Vipi?"

"Aa, siyo neno. Hebu njoo nyumbani kidogo, mama hajisikii vizuri. Na kama unaweza, uje na mtu."

Sechelela aliketi chini, pale pale kwenye sakafu, mbele ya wageni. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Aliyezaliwa kwao anajua kwamba ukiambiwa uje na mtu, umeshafiwa. Hakulia. Alimwomba Kulwa amalizie wageni, akamkumbusha kwamba mmoja wao hanywi maziwa.

Alipofika Hombolo, kipaa kilikuwa kimetua kando ya shamba la zabibu, mikono yake ya roboti imekunjwa. Kilikuwa kimefika kikakosa cha kufanya. Ndani, wanawake walikuwa wameshamfunika mama yake kwa kitenge kipya, kile alichokuwa amekihifadhi kwa ajili ya harusi ya mpwa wake. Sechelela alimshika miguu. Ilikuwa imeanza kupoa.

Turubai likafungwa, mabenchi yakapangwa, moto ukawashwa uani. Na kwa desturi ya kwao, na ya wengi, kila aliyefika kutoa pole alikaa kidogo, akanyamaza kidogo, halafu akauliza: ilikuwaje? Mfiwa hana budi kueleza tangu mwanzo. Mzee Yoeli Mwaluko, baba yake Sechelela, alieleza. Akija mwingine, alieleza tena. Hakuruka kitu, hakuongeza kitu.

"Tulikuwa tumemaliza kula," alikuwa akisema. "Perisi akaniambia, 'Yoeli, kifua kinanibana.' Nikamwambia jilaze. Nikaona jasho linamtoka, na siyo jasho la joto. Nikampigia Msikivu. Nikasema, 'Hamjambo huko?' Akaniitikia, 'Hatujambo, habari za hapo?' Nikasema, 'Hapa salama tu, isipokuwa mama watoto kifua kinamsumbua kidogo. Mkipata nafasi, tunaomba mtusaidie.' Akanijibu vizuri kabisa. Akasema asante kwa kuwa mtulivu, msaada unakuja, usimwondoe mgonjwa. Basi tukangoja. Lameki akaja na bajaji, akasema mzee, tumpeleke zahanati. Nikamwambia acha, kijana wangu, hicho kinachokuja ni cha Sechelela. Tukangoja."

Hapo alikuwa akimnyooshea mkono binti yake, na wageni walikuwa wakigeuka kumtazama. Hata katika huzuni ile mlikuwa na fahari sautini mwa mzee. Bibi mmoja alimwambia Sechelela hongera mwanangu, kisha akakumbuka yuko msibani akajirekebisha, pole mwanangu.

Sechelela aliisikia hadithi hiyo kila benchi lilipojaa upya. Na kila mara, bila kutaka, akili yake ya uhandisi ilifanya kazi ya Msikivu. Amesalimia: alama ya dharura, shuka. Amesema salama: shuka. Sauti iko chini, pumzi haikatiki: shuka. Amesema mkipata nafasi. Kijani. Alitamani kuziba masikio, lakini binti wa marehemu hazibi masikio baba anapozungumza.

Kulwa alikuja kuzika. Baada ya kumwaga udongo alimvuta Sechelela pembeni, kwenye mistari ya mizabibu. Macho yalikuwa yamemwiva.

"Nimetazama foleni ya siku ile," alisema. "Nyekundu zilikuwa nyingi mbele yake. Karibu wote walitibiwa wakaondoka kwa miguu yao. Mmoja alikuwa ameteguka kifundo, Seche. Kifundo cha mguu. Alilia vizuri sana."

Sechelela alichuma jani la mzabibu, akalikunja.

"Kwa moyo ule, kipaa kingeondoka mara moja angepona. Nakuambia kwa sababu utatazama mwenyewe tu. Lakini mzee tusimwambie. Anajivunia wewe. Ukimwondolea na hilo atabaki na nini?"

Hilo ndilo lililomkaa Sechelela rohoni siku zote za matanga. Akinyamaza, baba yake ataendelea kuwasimulia watu, kwa shukrani, jinsi mashine ilivyomjibu vizuri huku ikimwacha mkewe afe. Akisema, atajua kwamba mwanawe ndiye aliyemfundisha. Aliosha vyombo, akafunga mifuko ya mchele, akapokea pole. Watu walisema binti ana moyo mgumu, hajalia hata tone. Wa mjini hao.

Wageni walipoisha na turubai kushushwa, asubuhi moja walibaki wawili. Mzee Yoeli alikuwa kwenye kiti cha kamba, ameshika kikombe ambacho uji wake ulikuwa umeganda. Mlangoni kandambili za mama zilikuwa bado zimepangwa, hakuna aliyethubutu kuzigusa. Sechelela alikuja akakaa chini karibu na magoti ya baba yake. Alikuwa amepanga maneno ya upole, lakini yaliyotoka hayakuwa yale aliyoyapanga.

"Baba, kwa nini hukulia?"

Mzee alimtazama. "Lini?"

"Ulipopiga simu. Kwa nini hukulia? Kwa nini hukupiga kelele, ukasema mke wangu anakufa? Ulisema salama! Mtu anakufa, unasema salama?"

Sauti yake ilikuwa imepanda juu ya kiwango cha binti kwa baba, na alijua. Mzee hakumkemea. Aliweka kikombe chini taratibu.

"Mama yako alikuwa amenishika mkono huu," alisema. "Alikuwa ananitazama mdomo. Kila neno nililosema kwenye simu alikuwa analipima, ajue kama anakufa au haendi popote. Alikuwa anaogopa, Seche. Mama yako, ambaye haogopi nyoka, alikuwa anaogopa. Sasa mimi nilie, yeye aelewe nini?"

Kisha akaongeza, "Ile salama sikumwambia Msikivu. Nilikuwa namwambia yeye."

Sechelela aliinamisha kichwa kwenye goti la baba yake. Hapo ndipo alipoona kwamba hawezi tena kumficha, kwa sababu mzee alikuwa amelifanya jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona kwenye filamu yoyote, na mashine yake ilikuwa imelipa rangi ya kijani.

"Baba," alisema. "Msikivu alikuwa anasubiri ulie. Hakujua kwamba una shida. Hao wote waliolia walipelekewa kipaa kwanza, hata wasioumwa. Wewe alikuweka nyuma kwa sababu ulisema vizuri."

Kuku walipita uani. Mzee Yoeli aliweka mkono juu ya kichwa cha binti yake, akauacha hapo.

"Mlimfundisha hivyo?"

"Mimi nilimfundisha."

"Na wewe nani alikufundisha?"

"Tulitumia filamu, baba. Tuliona watu wanavyolia mle, tukadhani ndivyo."

"Zile alizokuwa anazicheka mama yako."

"Zile."

Mzee alitikisa kichwa polepole. Kama alikuwa na hasira, aliimeza, na Sechelela aliona koo lake likiimeza. Alitazama zile kandambili mlangoni, akazitazama sana, na alipozungumza tena sauti ilikuwa ileile ya chini, ya mtu anayeuliza njia.

"Basi nionyeshe mnavyotaka mtu alie," alisema. "Nimebaki peke yangu humu ndani, na umri nao umekwenda. Siku yangu ikifika itanibidi nimpigie. Sasa sina wa kumtuliza, naweza kulia. Nionyeshe tu nijue, mwanangu."

Alisogeza kiti mbele kidogo ili amwone vizuri. Sechelela aliinua uso, akafungua mdomo. Machozi yalikuwa yanashuka yenyewe, kifua kinapanda na kushuka, lakini sauti haikutoka hata kidogo, na mzee akaendelea kumtazama usoni, akisubiri kufundishwa.