Mstari wa Chokaa Kati ya Vitanda Viwili

INATANGAZWA kwa waumini na wakazi wote wa Kanaani Mpya, Kansas, kwamba kuanzia Jumatatu ijayo kuku wa Bi Kezia Tolliver hawataruhusiwa kutaga katika nusu ya magharibi ya nyumba anamoishi, kwa kuwa nusu hiyo si yake. Kwa amri ya Kamati. Shemasi Elkana Crump, Mwenyekiti.

Kezia alilisoma tangazo hilo mlangoni pa kanisa, akalibandua, akalikunja vizuri na kulitia mfukoni.

"Umebandua tangazo la Kamati," sauti ya Ambrose Pettiford ilisema nyuma yake.

"Kuku wangu hawajui kusoma. Nawapelekea niwasomee."

Ambrose hakucheka. Alimpa barua iliyokwisha kufunguliwa.

*Kezia Tolliver na Ambrose Pettiford wafike ofisi ya ardhi Alhamisi, saa nne asubuhi. Imedaiwa kuwa wameoana kwa siri. Ikithibitika, shamba la mwanamke litafutwa daftarini.*

Wote wawili walitoka Kentucky mwaka 1879, kila mmoja akajiandikishia ekari mia moja na sitini zilizopakana. Serikali ilimpa shamba yeyote atakayeishi juu yake na kulilima miaka mitano. Lakini kaya moja, shamba moja. Theluji ya mwaka wa pili ilipoiangusha nyumba ya Kezia, walijenga nyumba moja ya matofali ya udongo wenye mizizi ya nyasi juu ya mpaka wenyewe, nusu kwa nusu, wakapiga mstari wa chokaa sakafuni kati ya vitanda viwili. Sheria iliridhika. Kanisa halikuridhika. Kwamba walipendana, kitongoji kizima kilijua kabla yao. Sasa zilibaki wiki tisa tu miaka mitano itimie.

"Basi tuoane kweli," Ambrose alisema. "Nimechoka kuitwa mzinzi na watu niliowachimbia visima. Liache shamba lako, uje kwangu."

"Kwa nini langu?"

"Eti?"

"Kwa nini lisiwe lako? Langu lina chemchemi."

Kwa karibu miaka mitano Ambrose aliwaza kila jambo, kuanzia kina cha kisima hadi bei ya mbegu. Swali hilo halikuwahi kubisha hodi.

"Mimi ni mwanamume, Kez."

"Hilo nililiona zamani. Nauliza habari ya shamba."

"Kwa hiyo shamba kwanza, mimi baadaye?"

"Mama yangu aliandikwa katika daftari la bwana aliyemmiliki, kati ya nyumbu na jembe. Mimi nimeandikwa juu ya ardhi, kama mwenyewe. Jina hilo silifuti kwa ajili ya pete, hata iwe yako."

"Sawa."

"Ambrose." Sauti yake ilishuka. "Shamba langu likifutwa, jirani wa kulichukua ni wewe. Barua hii si wewe uliyeisababisha?"



"Kama umeweza kuniuliza hivyo," Ambrose alisema, "jibu langu litakusaidia nini?"

Siku tatu zilizofuata waliishi katika nyumba moja kama mataifa mawili yaliyovunja uhusiano wa kibalozi. Kezia aliweka mkate wa mahindi juu ya mstari. Asubuhi mkate ulikuwa pale pale, haujaguswa, na Kezia alimmegea kuku aliyekuwa ametaga magharibi.

Alhamisi, Karani Whitlow, mzungu mwenye mafua, alifungua jalada. Shemasi Crump alikaa benchi la mbele, kofia juu ya magoti, kama mtu aliyekuja kuzika.

"Haya, Kezia, tueleze..."

"Bi Tolliver."

"Unasemaje?"

"Jina langu liko hapo mbele yako. Bi Kezia Tolliver. Mliliandika wenyewe."

Karani alitazama. Kweli lilikuwepo.

"Bi Tolliver. Mmeoana?"

"Hatujaoana."

"Mnalala wapi?"

"Mimi mashariki, yeye magharibi."

"Na hakuna kinachovuka mstari?"

"Mkoromo wake. Hatujauombea kibali."

Ambrose aliitwa. Alisimama akiwa na koti lake la Jumapili.

"Huyu ni mkeo?"

"Hapana, bwana. Nimemposa mara nne, amekataa mara nne."

"Basi umekuja kusema nini?"

"Nimekuja kuliacha shamba langu. Futeni langu. Nitakuwa mtu asiye na ardhi, naye ataamua kama anamtaka mtu wa namna hiyo."

Shemasi Crump aliruka kutoka benchini.

"Haiwezekani! La kufutwa ni lake! Lake ndilo lenye chemchemi!"

Karani alipenga kamasi, akageuza karatasi moja.

"Elkana Crump. Mleta malalamiko. Na hapa pana ombi lako la kupewa shamba hilo likifutwa, la tarehe ile ile."

"Nilifanya kwa ajili ya maadili!"

"Kumbe Shemasi," Kezia alisema, "ulikuwa ukihesabu mayai yangu huku macho yako yamo katika maji yangu."

Kisha alimgeukia Ambrose.

"Na wewe, kaa chini. Huachi kitu. Umelima miaka mitano, utavuna."

"Uliniuliza kwa nini lisiwe langu."

"Hilo lilikuwa swali. La barua lilikuwa tusi. Nisamehe."

"Nimesamehe. Na mimi nilichelewa kulijibu la kwanza."

"Sasa nakuposa mimi, mbele ya serikali. Siku mashamba yote mawili yatakapoandikiwa hati za kudumu, langu kwa jina langu na lako kwa jina lako, jioni yake tunaoana. Kanisa likitufungia mlango, tutaoana zizini. Unanitaka?"

"Nakutaka, Bi Tolliver."

Karani alitoka, akakaa nje saa nzima, akarudi na karatasi. Kezia alisikiliza, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Ambrose, upande wa magharibi.

"Ofisi hii imeamua," Karani alisoma, "kwamba kwa kuwa nyumba iko juu ya mpaka, haiwezi kujulikana nani anaishi wapi hadi mpaka huo upimwe upya. Mpimaji amejiuzulu, na mwingine hajateuliwa. Hadi atakapoteuliwa, hakuna shamba litakalofutwa wala litakaloandikiwa hati, na wahusika wabaki kila mmoja upande wake wa mstari. Kuhusu kuku, ofisi haina mamlaka."