Insha Isiyomjua Mama

Mama Kadogo ni fundi cherehani. Kila asubuhi huvuta cherehani yake mlangoni, penye mwanga, na kuanza kazi. Siku moja hakuanza. Aliitwa shuleni.

Ofisini, mwalimu wa darasa alishika insha ya Kadogo, binti yake. Kichwa cha insha hiyo kilikuwa "Kazi ya Mama Yangu".

"Sioni kosa hata moja humu," mwalimu alisema. "Ndiyo maana nina shaka. Siku hizi kuna programu za akili bandia kwenye simu. Mtoto anauliza swali moja tu, anaandikiwa insha nzima. Nusu ya darasa nawashuku."

Mama Kadogo alipandwa na hasira. "Mwanangu si mwongo, Mwalimu! Kuandika vizuri kumekuwa kosa?"

Kadogo alisimama kando ya kabati, macho chini.

"Atapata sifuri," mwalimu alisema.

Mkutubi wa shule alikuwa akipanga vitabu pale pale. "Tusimhukumu kwa kumshuku tu," alisema. "Hata programu zinazodai kutambua kazi ya mashine hukosea. Msomee mzazi. Kazi inayoelezwa humo ni yake, anaijua."

Mwalimu akasoma: "Mama yangu huimba kwa sauti tamu huku akishona..."

"Hebu rudia hapo! Mimi naimba? Nikishona mdomo umejaa pini!"

Mkutubi aliangua kicheko, akajizuia haraka. Mama Kadogo hakucheka. Alimgeukia binti yake.

"Kadogo?"

Machozi yalimtoka Kadogo. "Nilitumia simu yako, Mama. Niliogopa insha yangu mwenyewe itakuwa mbaya."

"Na mimi hapa nakutetea!" Mama Kadogo aliketi. Uso ulimwiva kwa aibu.

Mkutubi alimsogelea Kadogo. "Programu ile haimjui mama yako. Imelishwa maandishi mengi, ikajifunza maneno yanavyofuatana. Isipojua jambo, inaweza kubuni, na bado ikasikika vizuri. Andika mwenyewe kwanza. Kisha, ukitaka, iombe ikuulize maswali kuhusu ulichoandika. Na lolote ikuambialo, lihakikishe."

"Mimi bado siiamini," mwalimu alisema. "Lakini kushuku peke yake hakufundishi mtoto. Kuanzia sasa, insha tutaanza kuziandika darasani, kwa kalamu. Kisha kila mmoja atanieleza alichoandika. Kadogo, utarudia yako."

Kwa siku mbili, Kadogo kila alipotoka shuleni alikaa kwenye kigoda kando ya mama yake, akimtazama akishona. Siku ya tatu akaandika darasani.

Mwalimu aliipokea insha na kuisoma polepole, paji la uso limekunjamana. Ilikuwa na makosa manne ya tahajia. Katikati palikuwa na maneno haya: "Mteja mmoja ana bega moja lililo chini kuliko jingine. Mama humwongezea kitambaa kwa ndani ili gauni limkae sawa. Wala hamwambii."

"Hili la bega umelitoa wapi?" mwalimu aliuliza kwa ukali.

"Nilimwona Mama, Mwalimu. Nikamuuliza."

Mwalimu alichukua kalamu. Akayasahihisha yale makosa manne, moja moja. Kisha akauliza, safari hii kwa sauti ya chini:

"Naweza kuwasomea wenzako?"