Ua la Mke wa Kinyozi

Soko lilikuwa limefurika, na kinyozi alimkanyaga muuza miche mguu kabla hata hajamsalimu.

"Kaka, mguu wangu hauuzwi!"

"Samahani, dada." Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi mbele tu, na mkononi alishika jani la njano. "Ua langu halijachanua mwaka wa pili sasa. Nalimwagilia kila alfajiri."

"Kila alfajiri? Unalizamisha! Nani kakufundisha?"

"Marehemu mke wangu. Ndiye aliyelipanda." Akasita. "Bado ananiamsha nikamwagilie. Namsikia kabisa."

Mwingine angecheka. Muuza miche alihisi ubaridi mgongoni na, ajabu ya Mungu, papo hapo akampenda.

Ikaja simu moja, zikawa nyingi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Muongo wewe! Kapike."

Lakini siku ya kwanza muuza miche alipomtembelea, alikaa kwenye kiti cha dirishani, na kinyozi akamhamisha kwa upole. Kiti kilikuwa na mwenyewe. Nyumba nzima ilinukia manukato ya mtu asiyekuwepo. Mtu mzima na akili zake akajikuta anapiga hodi kabla ya kuingia jikoni, kama mgeni kwa mke mwenza asiyeonekana.

Ua lilikuwa uani. Aina ile haifi upesi. Hukauka juu, ikachipua tena kutoka chini miaka na miaka. Ila mashina yakisongamana, hugoma kuchanua. Dawa yake ni kung'oa, kugawa, kuacha majeraha yakauke kivulini, kisha kupanda upya kwa nafasi. Kinyozi hakutaka hata kusikia. Basi asubuhi moja, mwenyewe akiwa kazini, muuza miche akaona amfanyie wema. Alichimba, akakata shina mafungu mawili, akatafuta kitu cha kuanikia. Nyuma ya mlango wa jikoni palikuwa pametundikwa shali kuukuu. Akaitandika chini.

Kinyozi aliporudi mchana aliona shimo, kisha akaona mizizi imelala juu ya shali.

"Hiyo alijifunika siku ya mwisho," alisema taratibu. "Sijawahi kuifua."

"Mungu wangu! Mpenzi, sikujua..."

"Umemfukua."

Muuza miche akaondoka na udongo kwenye kucha. Simu zikakatika. Alijiambia hamtaki tena, mwanamume wa marehemu bado ni mume wa mtu. Lakini kila simu ilipoita roho ilimruka, kumbe mteja anaulizia mbolea.

Mvua zilikuwa zimekwisha kinyozi alipotokea tena, akipita kwa uangalifu kati ya miche.

"Fungu moja nimelipanda kaburini kwake," alisema. "La pili liko uani, limeshika. Pana nafasi sasa. Nataka kukuoa."

Muuza miche alitamani kumrukia shingoni. Badala yake akauliza, "Yeye umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Kanyamaza. Tangu siku hiyo haniamshi tena. Alfajiri nyumba inakuwa kimya, naogopa."

Muuza miche akalia palepale mbele ya wateja, akimlilia mwanamke ambaye hakuwahi kumwona, na ambaye hata sasa alikuwa anamwogopa. Kisha akajifuta macho kwa pindo la gauni lake la kazi.

"Basi," alisema, "nitakuwa nakuamsha mimi."